Titi Langu Limezikwa Sindeni

Titi langu la kushoto limezikwa Sindeni, kule Handeni, ubavuni mwa kaburi la mama yetu, na aliyelizika ni kaka yangu Mdoe. Mimi mwenyewe nipo Korogwe, mtaa wa Masuguru, nakula, natembea, nashona nguo za watu. Ukitaka kucheka, cheka, wengi wameshacheka. Hata mimi nilipoambiwa nilianza na kicheko, halafu nikamtukana kaka yangu mbele ya daktari. Tusi lile sijalifuta, na wala msinibembeleze nilifute.

Lakini nianze na Mdoe, maana bila kumjua utamdhania mwehu. Ni mkulima wa mahindi na ufuta, mtu wa sala tano, mpole mpaka anakera. Kazi yake nyingine pale kijijini ni kuosha maiti. Mwanamume akifa, hata vilio havijatulia, tayari wameshamwita Mdoe. Anajua maji yawe ya kiasi gani, anajua sanda inakunjwaje, anajua kumgeuza marehemu taratibu huku anaongea naye kama mtu aliyelala. Baba yetu alimwosha yeye, na mama yetu alimshusha kaburini yeye. Mikono ile inajua jambo moja: mwili wa Muislamu haukai juu ya ardhi, uwe mzima au uwe kipande. Jirani yetu mmoja alipokatwa mguu kwa ajili ya kidonda cha sukari, Mdoe aliufuata ule mguu hospitali, akaufunga nguo nyeupe, akauzika. Hakuna aliyeshangaa, kwetu ndivyo ilivyo. Halafu kuna ile hofu nyingine watu hawaitaji kwa sauti, kwamba kiungo kikizagaa kuna watu watakiokota wakakifanyie mambo yao.

Basi. Mimi ni fundi cherehani, nakaa kwenye baraza la duka la Abdulhussein, anayeuza vitambaa. Mume sina, Adamu alikwishaoa mwingine huko Mombo, na sitaki kumzungumzia hapa. Nina binti, Yusra, ananisaidia kutia vifungo na kupinda mikono ya nguo. Uvimbe niliuona mwenyewe nikijipima gauni, mgumu, hauumi. Nilikaa nao, kama wanawake wengi tunavyokaa nao, mpaka ngozi ikaanza kujikunja. Ndipo nikaenda hospitali moja ya huku kwetu, sitaitaja jina. Wakanichoma sindano, wakavuta majimaji, wakaenda kutazama, wakarudi wakasema ni saratani, titi litoke lote pamoja na tezi za kwapani. Nikasema litoke. Titi lilikuwa limeshamaliza kazi yake, na mimi nilitaka kuishi.

Siku ya upasuaji Mdoe alifunga safari kutoka Sindeni, akakaa nje ya mlango na tasbihi yake. Mimi niko ndani, nimelazwa, sijui hili wala lile. Nesi akatoka na ndoo ndogo ya plastiki yenye mfuniko. Akauliza nani ndugu wa Mashavu, Mdoe akainuka, akakabidhiwa. Ndani ya ile ndoo ndimo nilimokuwa mimi, titi na tezi zote, tunaelea kwenye dawa inayowasha macho. Nesi akamwambia aipeleke maabara ya hospitali ya rufaa, kisha akageuka zake. Ndivyo wanavyofanya, ndugu ndio wachukuzi. Kwa nini inapelekwa, inakwenda kuulizwa nini, hakumwambia. Jamani, alikuwa na mdomo yule nesi. Angesema tu kwamba dawa za dada yako zinategemea hii ndoo, kaka yangu angeipeleka kwa miguu, angeikumbatia njia nzima.

Mdoe akakaa nayo kwenye benchi akafikiri. Alinieleza baadaye alivyofikiri, na ubaya wake ni kwamba kila hatua ina akili. Alijiuliza, saratani si imeshajulikana? Sindano si ilishasema? Sasa wanataka kulitazama tena la nini? Akawaza hao vijana wa maabara, wanaume, wanalishika titi la dada yake, wanaligeuza mezani, wakimaliza wanalitupa shimoni na mabaki ya hospitali, paka na mbwa wako jirani. Akaona hapana. Mimi nimelala sina fahamu, nani atanitunzia heshima yangu kama si yeye?

Akapita kwangu Masuguru. Yusra alikuwa hospitali kwenye zamu ya kunisubiri, mlango ukafunguliwa na jirani. Akafungua sanduku langu la vitambaa, akakata kipande cha bafta, akapanda basi kwenda Sindeni na ndoo mapajani. Kufika, akaimwaga ile dawa kwa sababu inanuka na haifai kumfuata mtu kaburini. Akalikosha titi kwa maji safi, akalipaka karafuu maiti, akalifunga kwenye bafta, akachimba ubavuni mwa mama. Wazee wakaja, wakaomba dua. Shangazi zangu wakapika wali. Kijiji kizima kikasema huyu ndiye kaka, ana utu, ndugu wa namna hii siku hizi hawapatikani.

Na mimi nilitoka hospitali sijui lolote. Niliamini hospitali inajua yenyewe inakopeleka vitu vyake. Kitu nilichokijua ni bafta yangu. Nilifungua sanduku nikakuta imekatwa upogo, mkono wa mtu asiyejua mkasi, nikamwandama Yusra. Nilimsema mtoto yule mpaka akalia, kwamba anaharibu kitambaa cha mteja, kwamba hana adabu ya kazi, kwamba nikifa atakula nini. Yeye anaapa hakugusa, mimi namwambia basi amekata jini. Kidonda kinauma, kwapa limevimba, na hasira zote nazimalizia kwenye bafta.

Kidonda kilipokauka tukaenda hospitali ya rufaa, mimi na Mdoe, kuanza dawa. Daktari wa saratani pale ni Daktari Bhumika, binti wa Kihindi mzaliwa wa Tanga, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Alimwamkia Mdoe shikamoo kwa heshima zote, akanipima, akaliangalia kovu, akasema limeshonwa vizuri. Halafu akauliza majibu ya maabara yako wapi. Nikasema si mnayo nyinyi. Akapiga simu maabara, hakuna. Akapiga tena, hakuna kilichopokelewa kwa jina langu. Akauliza, titi lenyewe alikabidhiwa nani?

Mdoe akasimama. Akavua kofia yake, akaishika kifuani.

"Mimi, dokta. Nimelizika. Halikudhalilika hata kidogo."

Alisema kwa fahari, Wallahi. Alingoja ashukuriwe. Na mimi ndipo nilipocheka, kwa sababu bafta yangu ilinijia machoni, na nikamwona Yusra analia bure. Nilikuwa bado nacheka pale daktari alipoinamisha kichwa, akafunga kalamu yake. Nikaacha kucheka.

Alitueleza taratibu, na nitaeleza nilivyoelewa mimi fundi cherehani. Saratani ya titi si moja. Kila seli ya mwili ina vipokezi juu ya ngozi yake, ni kama masikio. Mwili ukitoa amri ya kukua, masikio yanasikia, yanapeleka habari ndani, seli inakua na kuzaa nyingine. Amri ikikoma, inatulia. Sasa kuna saratani zinazosikia homoni za kike, hizo zina vidonge vyake. Na kuna zile zilizoota masikio ya kukua mengi kupita kiasi, yamejazana, yanagusana, yanapelekeana habari yenyewe kwa yenyewe hata kama hakuna aliyesema kitu. Zinakua mchana na usiku. Nikasema hizo ni kama wambea wa Masuguru, daktari akatabasamu kidogo. Akasema kwa hizo kuna dawa ya dripu inayokwenda kuyakalia yale masikio, yasipeleke habari tena, na mgonjwa akiianza mapema, baada tu ya upasuaji, wengi hawaioni tena saratani maishani mwao. Lakini kujua ni ipi kati ya hizo, lazima nyama yenyewe iulizwe maabara.

Nikamwambia anipe tu hiyo ya masikio. Akasema hawezi. Dawa ile inaweza kuulegeza moyo, na kama seli hazina hayo masikio, nitauchosha moyo wangu bure bila faida yoyote. Ile sindano ya kwanza ilivuta majimaji machache, yamekwisha. Tezi za kwapani, ambazo zingeweza kujibu, nazo zilikuwa mle mle ndani ya ndoo. Hakukuwa na mahali pengine pa kuuliza.

Hapo ndipo nilipomtukana Mdoe. Tusi lenyewe ni la Kizigua, wazazi wetu wangelisikia wangeziba masikio, na daktari ingawa hakulielewa alitazama ukutani. Mdoe alivaa kofia yake akatoka, nikadhani amekwenda msalani. Kumbe amekwenda Sindeni.

Kesho yake mchana, nikiwa wodini walikonilaza kwa vipimo, alirudi na ile ndoo. Alikuwa amefukua. Mwosha maiti wa Sindeni, mtu anayewafukuza watoto wasikanyage hata majani ya makaburini, alichukua jembe akalifukua kaburi alilolichimba mwenyewe, wazee wakimwangalia wanaomba msamaha kwa niaba yake. Kwenye basi watu walimhama viti. Alisimama mlangoni kwa daktari na udongo wa mama yetu kwenye magoti, akasema ameleta.

Daktari Bhumika hakumfukuza. Alivaa glavu, akafungua, akatazama, akafunga. Akanawa mikono muda mrefu. Kisha akamwambia kama mtu anavyomwambia baba yake, "Mzee wangu, nyama ikishaoza haina majibu." Akamweleza kwamba ile dawa inayonuka ndiyo iliyokuwa inaitunza. Mdoe akaitikia kwa kichwa, akaibeba ndoo, akarudi nayo kulizika upya. Mara ya pili hakuna aliyepika wali.

Nikaanzishiwa dawa za kawaida, zile dripu zinazoua seli nzuri na mbaya pamoja. Nywele zikaondoka, kucha zikawa nyeusi, chakula kikawa na ladha ya sarafu. Nikaongezewa vidonge vya homoni kwa kubahatisha, daktari mwenyewe alikiri kwamba anabahatisha. Nikarudi kwenye cherehani. Nikajishonea titi la kitambaa nikalijaza sufi, nikalipima na mwenzake mbele ya kioo, likakaa sawasawa kabisa. Wateja wengine walidhani la kweli, na mimi nikaringa kidogo, kwa nini nisiringe.

Mdoe akawa anakuja. Kila akija, na mahindi mabichi, na ufuta, na kuku. Nilikuwa napokea kuku, salamu naijibu nusu. Yusra ananiambia mama msamehe mjomba, alikusudia wema. Najua alikusudia wema! Angekuwa amekusudia ubaya ningeshamsamehe zamani, ningejua pa kushika. Huyu kaninyang'anya dawa kwa mapenzi, nikimlaumu watu wananiona mimi ndiye mbaya. Shangazi yangu alithubutu kuniambia nishukuru, wengine viungo vyao vinatupwa jalalani. Nilimtoa nyumbani kwangu na kikombe cha chai mkononi.

Halafu ile sufi ikaanza kukaa vibaya. Nafunga blauzi, titi la kitambaa linasogea pembeni. Nikapunguza sufi, likasogea tena. Nikafumua mshono nikashona upya, bado. Fundi gani mimi ninayeshindwa na kimto? Nikaweka kidole kwenye kovu kutafuta mshono ulipokosea, nikagusa punje, ngumu, haiumi.

Safari hii kipande kilikatwa palepale hospitali ya rufaa. Nilitaka kukibeba mwenyewe, wakakataa, basi nikalifuata lile kopo mpaka dirisha la maabara, nikaangalia linavyopokelewa. Majibu yalipotoka Daktari Bhumika alituita wote watatu, mimi, Yusra na Mdoe. Masikio ya homoni hakuna hata moja. Vidonge vile nilivimeza bure. Masikio ya kukua yamejaa, ni mengi kupita kipimo. Saratani yangu ni ile ile yenye dawa ya kuikalia. Na picha ya ini inaonyesha imeshafika huko.

Yusra ndiye aliyeuliza. Dawa itatumika? Itatumika, na huenda ikaishika vizuri, kuna watu wamekwenda nayo miaka. Itamponya? Daktari akanitazama mimi, hakumtazama Yusra.

"Itaizuia, mama. Kuimaliza, sasa, sitakudanganya."

"Na ingekuwa baada ya upasuaji?" nikauliza.

Akasema kwamba wakati ule alikuwa na matumaini makubwa ya kunirudisha nyumbani moja kwa moja. Mdoe alikuwa amekaa pembeni, kofia mkononi, akasikia kila neno. Nilitaka asikie. Nilifurahi kwamba amesikia, na ile furaha ilikuwa chungu mdomoni kuliko zile dripu.

Sasa nakwenda kila baada ya wiki tatu. Naingia, natundikiwa dawa, moyo unapimwa, narudi Masuguru. Uvimbe wa kwenye kovu umeyeyuka, ini limetulia kwa sasa. Mdoe hakosi. Analala Masuguru siku moja kabla, alfajiri tunapanda basi, anakaa benchi la nje mpaka nitoke.

Juzi, tukiwa tunangoja, Daktari Bhumika alipita, na Mdoe akamsimamisha. Akamuuliza kwa unyenyekevu, kile kipande cha pili watakirudisha lini. Nilidhani nimesikia vibaya. Daktari akamwambia hakirudishwi. Kimetiwa kwenye nta, kimehifadhiwa, na kitakaa miaka. Dawa mpya zinakuja, kila ikija moja wanaweza kukirudia wakakiuliza kama itanifaa. Akatuaga akaenda kwa wagonjwa wake.

Mdoe akarudi kukaa. Akaanza kuzungumza Kizigua, kwa sauti ile anayotumia kuongea na maiti. Akasema siku yangu ikifika atakuja kukifuata, atawaomba, atawapigia magoti. Ameniachia nafasi kati ya mama na lile titi. Hawezi kunizika pungufu.

"Hutakifuata," nikamwambia.

"Mashavu, mdogo wangu. Utafufuliwaje?"

"Mungu anajua Sindeni na anajua maabara. Lile la kwanza ulilizika bila kuniuliza. Hiki ni changu, na kinabaki huku. Niapie."

Akatikisa kichwa. Machozi yalimtoka, mzee mzima, kwenye benchi la watu, na kila aliyepita akanitazama mimi kwa jicho baya. Hawajui. Nilimngoja. Nilikuwa na jambo moja tu la kumwomba ndugu yangu duniani, nalo lilikuwa lile asiloweza, na nilijua hivyo nilipoomba. Kama angekataa, nilikuwa nimeazimia nisimwite kaka tena mpaka kufa.

"Kwa Mwenyezi Mungu," akasema mwishowe, "nitakuzika pungufu."

Nesi akaita jina langu. Nikainuka, na Mdoe akainuka pia, akajipangusa uso kwa kofia, akanyoosha mkono kupokea mkoba wangu. Nikampa, maana ni mzito, na mkono wangu wa kushoto siku hizi hauinui kitu.